Sabuni Kwenye Tangi

Kilichowagombanisha safari hii kilikuwa harufu, ingawa wale dada wawili hawakuwa watu wa kuhitaji sababu.

Mkubwa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na sauti yake ya paredi aliitumia hata jikoni. Mdogo alikuwa fundi wa magari. Gereji nzima ilimwita Spana, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mwalimu ndiye aliyemtafutia mdogo wake nafasi katika chuo cha ualimu, akawapigia magoti watu ambao hata salamu zao alikuwa hapokei. Spana akasoma muhula mmoja, akatoroka, na alipoonekana tena alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo iliyojitokeza. Hilo Mwalimu hakulisamehe. Halafu mama yao akafa, na siku hiyo simu ya Spana ilikuwa kwenye mfuko wa suruali iliyotundikwa msumarini, ikaita mpaka ikachoka. Alifika mazishini na grisi kwenye kucha. Tangu hapo walisemeshana kupitia kwa baba yao, kama wenye kesi mbele ya hakimu.

Baba alikuwa dereva mstaafu wa wapima ardhi. Aliishi kwa Mwalimu tangu alipovunjika nyonga, na jipu lake kuukuu, lenye umri mkubwa kuliko Spana, liliishi naye palepale uani. Majirani walikuwa na utani wao kwamba gari hilo limeitwa jipu kwa haki, maana limevimba na linavuja. Kila Jumanne Mwalimu alimlaza mzee kwenye kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa juu ya mto, akampeleka hospitali kufanyishwa mazoezi.

Jumanne moja asubuhi Spana alipita kumjulia hali. Akamkuta tayari amelazwa garini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, fundi wangu."

"Shikamoo dada."

Mwalimu alikuwa anafunga zipu ya mkoba wake. Zipu hiyo ilichukua muda mrefu sana kufungika.

Spana aliinama dirishani kumbusu baba yake, akasita. "Baba, mbona unanuka petroli?"

"Nimeinusa miaka arobaini," mzee akacheka. "Ndiyo manukato yangu."

Spana hakucheka. Alilala chali kwenye kokoto na kujivuta chini ya gari. Tangi la mafuta lilikuwa nyuma kabisa, limening'inia kati ya ekseli na bampa, kama walivyoliweka waliolitengeneza enzi hizo. Kutu ilikuwa imelitafuna pembeni. Kati ya mikanda miwili ya chuma iliyopaswa kulishika, mmoja ulikuwa umekatika, na mahali pake palifungwa waya wa uzio. Kwenye mshono wa chini kulikuwa na kiraka cha rangi ya maziwa. Akakikwangua kwa ukucha, akanusa. Ilikuwa sabuni ya kufulia.

Alitoka na changarawe mgongoni. "Nani kaziba tangi hili kwa sabuni?"

"Fundi," Mwalimu akasema, akimtazama baba yake. "Fundi mwenye cheti."

"Sabuni ni ya kukufikisha gereji, dada, siyo ya kuendea miezi. Na tatizo siyo tundu tu. Tangi limekaa mahali pabaya. Mtu akikugonga kwa nyuma, hata taratibu, litabanwa kati ya bampa na ekseli kama chungwa. Na baba amelala juu yake!"

"Gari hili umelimezea mate tangu zamani."

"Silitaki. Nataka lisimame!"

"Simama wewe. Njiani."

Mwalimu akawasha, akarudi nyuma bila kutazama kioo. Spana akaruka pembeni. Palipokuwa na gari palibaki doa bichi, kubwa kama sahani.

Wiki hiyo Spana alizunguka kwa wauza vipuri mpaka akapata tangi zima la jipu la aina ileile. Akaliosha, akalijaza maji kuona kama linavuja, akalikausha. Alimpigia dada yake simu, ikakatwa. Akamtumia ujumbe kwamba atalifunga yeye mwenyewe, siku moja tu inatosha. Kimya. Ndipo Jumatatu mchana, Mwalimu akiwa shuleni na mzee amesinzia ndani, akaingia uani, akafungua boneti na kuchomoa rota, kile kidude kidogo kinachogawa moto kwenye plagi, akakitia mfukoni. Kwenye usukani akaacha karatasi: *Haliendi mpaka tangi libadilishwe.*

Alichosahau ni kwamba baba yake hakuwa mtu wa kuingizwa na kutolewa garini kama kikapu. Jumanne Mwalimu alimlaza kwanza, ndipo akaiona karatasi. Aliyemsaidia kumpandisha alikuwa ameshaondoka, na hakuwa na wa kumsaidia kumshusha. Mzee alikaa juani saa nzima mpaka jirani alipopatikana, na alipotolewa mguu ulikuwa umevimba na suruali imelowa. Alikuwa analia kwa aibu.

Saa sita Mwalimu aliingia gereji na viatu vyake vya ofisini, akaruka dimbwi la oili, akasimama mbele ya mafundi wote.

"Mwizi yuko wapi?"

Spana alitokea nyuma ya gari, akipangusa mikono.

"Umemkojoza baba yako kwenye kiti," Mwalimu akasema. Mara hii sauti haikuwa ya paredi. Ilikuwa ya chini, na ilikuwa mbaya zaidi. "Mama ulimuua kwa kutopokea simu. Sasa umehamia kwa baba?"

Mafundi waliweka nyundo chini.

Spana angeweza kuomba radhi kuhusu suruali ile, na moyoni alitaka. "Mimi nimemkojoza," akasema. "Wewe utamchoma. Chagua."

Mwalimu alimtemea mate. Hayakumfikia, yalitua kwenye buti. Kabla ya jioni yule fundi wa sabuni alikuwa ameshaweka rota nyingine.

Jumanne iliyofuata Spana alilifuata jipu kwa pikipiki. Hakujua angefanya nini. Alijiambia anakwenda tu kuona. Njia nzima aliona tone likianguka, halafu jingine, na kila gari lililosogelea bampa lile alilipigia honi kama kichaa.

Getini kwa hospitali kulikuwa na foleni. Nyuma ya jipu lilisimama lori la maji. Dereva wake aliinama kuokota simu, mguu ukaacha breki, na lori likajiendea lenyewe polepole, mwendo wa mtu anayetembea. Likaligonga jipu kwa mlio mdogo, kama wa mtu aliyekalia debe.

Petroli ikamwagika, si kwa matone tena.

Mwalimu alishuka, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kumwendea dereva wa lori. "Hivi wewe una macho au una vifungo?"

"Dada!" Spana akapiga kelele, akiiangusha pikipiki. "Baba! Mtoe baba!"

Mwalimu aligeuka, akaona ardhi inang'aa chini ya gari. Uso ukambadilika. Akakimbilia mlango wa nyuma, akauvuta. Bodi lilikuwa limejikunja na mlango umeng'ang'ania. Wa upande wa pili vilevile. Akaingia kwa mlango wa dereva, akapanda juu ya viti na viatu vyake, akatumbukia nyuma.

Spana alitaka kumfuata. Lakini watu walishaanza kujaa, na wawili tayari walikuwa na madumu wakitafuta pa kukinga. Mmoja alikuwa na sigara mdomoni. Spana akamnyang'anya sigara, akaizima kwenye kiganja chake mwenyewe, akachomoa spana ya magurudumu kwenye pikipiki.

"Atakayeinama hapa namvunja mkono!"

"Yanamwagika bure, sista."

"Inama uone."

Hawakuinama. Ndani ya gari mzee alikuwa anapiga mayowe. Mwalimu alikuwa amempitisha mikono kwapani na kumburuta katikati ya viti vya mbele, nyonga ile mbovu ikigonga gia. "Niache, unaniua!" mzee akalia. "Tukana baadaye," Mwalimu akajibu, na kuvuta. Wakaangukia nje pamoja. Akamburuta tena, hatua tatu, tano, kumi, akirudi kinyumenyume, sketi ikifagia petroli.

Yule dereva wa lori, aliyekuwa amepauka kwa hofu, akaona bora aondoe lori la watu.

"Usiwashe!" Spana alipaza sauti. "Usiguse ufunguo!"

Aliugusa.

Moto haukulipuka kama watu wanavyosimulia. Ulikimbia. Ulipita chini ya lori, ukaingia chini ya jipu, ukafuata michirizi iliyoachwa na sketi ya Mwalimu mpaka kwenye miguu yake. Spana alimrukia, akamwangusha kifudifudi, akavua ovaroli na kumfunika nalo, akilipigapiga kwa mikono mitupu. Askari wa getini walikuja na mitungi ya kuzimia moto. Dereva aliruka akiwa mzima. Jipu likaungua lote.

Baba hakuungua hata nywele. Mwalimu aliungua miguu kuanzia magotini kwenda chini.

Wodini, alipolazwa kifudifudi na bandeji mpaka kwenye visigino, alimwona Spana kasimama mlangoni.

"Umefurahi," akasema.

"Sana."



Polisi walipokuja, Mwalimu aliwaambia mdogo wake alilichezea gari. Fundi wa sabuni naye alikana, akasema yeye alilipaka sabuni kwa ajili ya kuliosha. Askari akamhoji Spana gereji, halafu akamwendea mzee, akafungua daftari.

"Andika," mzee akasema. "Huyu mdogo aliniambia gari linanuka, nikamjibu kwa mzaha. Huyu mkubwa aliogelea kwenye petroli kunitoa. Wote wawili wana midomo michafu, na sijui wameirithi wapi. Umeandika?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi nenda kamkamate wa sabuni."

Mzee alihamia kwa Spana, kwenye chumba cha nyuma ya gereji, akapenda kelele zake. Kila Jumapili Mwalimu alikuja kwa magongo, baadaye kwa fimbo, na dawa za mzee kwenye mfuko. Alimsalimia baba. Spana hakupewa salamu. Kuhusu ile suruali, Spana alimwomba baba radhi, na mzee akamwambia aliyepaswa kuombwa alikuwa anateremka ngazi za mlangoni kwa fimbo yake muda ule. Spana alimtazama akiteremka.

Baada ya miezi mingi Mwalimu alifika na gari dogo alilolinunua mkononi mwa mtu. Hakushuka. Alishusha kioo nusu.

"Angalia chini."

Spana alilaza kadibodi, akalala, akaangalia kwa tochi. Aliangalia kila mshono na kila mpira, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mpira wa kujazia mafuta umeanza kupasuka," akasema akiwa kulekule chini. "Ubadilishwe."

"Nani kakuuliza maneno mengi?"

"Wewe."

Halafu injini ikazimwa, mlango ukafunguliwa, na miguu yenye makovu ikasimama kwenye kokoto karibu na kichwa chake.

"Badilisha basi," Mwalimu akasema. "Na unyamaze."