Injini Karibu na Kifua

Shemeji yangu Nuhu ni mwongo, na wote wa Ruponda msikie. Tangu mume wangu Huzaifa afariki, anaitolea macho mikorosho yangu thelathini na miwili. Ukoo wao una sheria moja: mrithi asiyeipulizia mikorosho yake dawa ya salfa kwa mkono wake mwenyewe haokoti korosho. Na Nuhu alijua fika kwamba mimi sitakiwi kuvaa mashine ya kupulizia, ile ya injini.

Mwaka jana, Dar es Salaam, nilipandikizwa vidude viwili vya kuendesha mapigo ndani ya moyo, kimoja chumba cha juu, kingine cha chini. Havina waya. Cha juu kikipiga, kinakipa taarifa cha chini kupitia mwili wangu mwenyewe, nacho kinafuata. Daktari alinionya nisibebe injini mgongoni, maana vidude vinaweza kushindwa kusikilizana, kama watu wanaoongea kando ya mashine ya kusaga. Nuhu ndiye aliyenisindikiza. Alikaa pembeni yangu akiitikia kwa kichwa, ndiyo daktari, ndiyo daktari.

Sasa asubuhi ya kupulizia, shambani, mbele ya ukoo mzima, akasema, "Mimi nilikuwepo. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Shemeji ni mvivu tu."

Mama mkwe wangu, Bi Mwantumu, akacheka. "Eti vidude vinaongea! Vinaongea Kimwera au Kiyao?"

Wakaangua kicheko wote. Hasira zikanipanda kichwani. Bila mikorosho ile wanangu wangekula nini? Nikasema, "Nivalisheni."

Nuhu mwenyewe alinifunga mikanda. Akavuta kamba, injini ikanguruma mgongoni. Mti wa kwanza nikaumaliza. Wa pili, mapigo yakaanza kuruka. Wa tatu sikuufikia. Nilianguka kifudifudi kwenye vumbi la salfa.

Nikiwa pale chini nikamsikia Nuhu akipiga yowe, "Zimeni! Mvueni! Daktari alisema injini isikae karibu na kifua!"

Injini ikazimwa. Mtu mzima na ndevu zake kajianika mwenyewe, kwa mdomo wake.

Mapigo yalirudi taratibu. Nilipoweza kuketi, Bi Mwantumu alikuwa ameshamfikia mwanawe. Hakumpiga. Aliinyanyua mashine, akamtwisha mgongoni, akakaza mikanda mpaka Nuhu akaguna.

"Mikorosho yote ya Hafidha, leo," alisema, akininyooshea mimi kidole. "Na msimu ujao, na unaofuata. Wa kuokota ni yeye."

Nuhu akaniangalia, eti nimwombee kwa mama yake. Nikamwonyesha mti wa tatu.

Bi Mwantumu akaniletea maji, akanishikia kikombe kwa mikono miwili. Nikayanywa yote. Sikumshukuru, kwa sababu hakuna aliyecheka kumzidi yeye.