Kola Mia na Themanini

Mashine namba saba aliirithi kwa dada yake, na pale kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Mdogo wa Marehemu. Kwenye ubao wa ukutani palikuwa na rekodi ya dada mtu: kola za mashati mia na themanini kwa siku moja. Aliiweka siku ile ile aliyoiangukia mashine akafa, na tangu hapo hakuna aliyeikaribia namba hiyo.

"Nikishampita tu, napumzika," alikuwa akimwambia mumewe wakati wa kula, huku mguu ukikanyaga pedali isiyokuwepo chini ya meza. Watoto walidhani ni mchezo, nao wakakanyaga.

Sasa usiniulize mimi kama mizimu ipo. Ninachojua ni kwamba kila alipopunguza mwendo alisikia mashine nyingine ikishona nyuma ya kisogo chake, na nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu. Basi hakupunguza. Chai alikunywa wima, chooni alikwenda mbio, na vidole vilipokufa ganzi aliviuma mpaka vikaamka. Alikuwa na hofu, tena hofu kweli, lakini wivu ulizidi.

Pale kila kola kumi hufungwa bunda moja, na kwa kila bunda mshonaji huchora mstari wa chaki ubavuni mwa mashine. Jioni msimamizi huhesabu mistari, kisha mshonaji huifuta. Siku moja Mdogo wa Marehemu alichora mstari wa kumi na tisa. Machozi yakamtoka, ya furaha au ya kuchoka, hata yeye hakujua.

Mpiga pasi, mama mtu mzima aliyefanya kazi na dada yake miaka mingi, akaja akamwinamia.

"Mwanangu, futa hiyo mistari kabla haijahesabiwa. Dada yako hakushona mia na themanini. Jana yake aliondoka na homa, akasahau kufuta chaki. Huyu msimamizi alihesabu mistari ya siku mbili."

"Mbona hamkusema?"

"Tulikuwa tunalia. Baadaye tukaona haina neno. Namba isiyofikika, nani atadaiwa?"

Msimamizi alikuwa ameshafika mashine namba nne. Kitambaa cha kufutia kilikuwa pale mapajani, na kufuta ni kupitisha mkono mara moja tu. Kumbe dada hakuwahi kumkimbiza. Alikuwa akishona tisini zake kwa siku, tena mgonjwa. Mdogo mtu alilielewa hilo vizuri, na mkono haukunyanyuka. Aliitaka mistari yake.

"Kumi na tisa," msimamizi akahesabu, akatikisa kichwa kwa furaha. "Kumbe inawezekana."

Asubuhi ubao ulikuwa na mia na tisini, na safari hii haikuandikwa rekodi. Kiliandikwa kiwango cha lazima cha kila mshonaji. Wenzake hawakuitikia salamu yake. Alikaa, akatega sikio: nyuma kimya, ukuta tu. Akashusha pumzi. Kisha mashine arobaini zikaanza kushona kwa pamoja, mbele yake na kando yake, na kabla hajashika kola ya kwanza mguu wake ulikuwa tayari unakanyaga.