Swichi ya Saba

Sijawahi kuwaelewa watu wanaopaka sindura, ule unga mwekundu wa ibada, kwenye kompyuta, na ofisini kwetu wote wanapaka. Tarehe kumi na saba Septemba ni siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, na siku hiyo hakuna chombo kinachoguswa kwa kazi: si cherehani, si lori, si bisibisi. Vyombo huoshwa, huvishwa maua, hutiwa alama nyekundu kwa kidole gumba, kisha huachwa vipumzike mpaka kesho yake. Mwaka ule wa 1992, Khagen-da, tarishi wetu mzee, aliniomba nifungue kifuniko cha kompyuta ili baraka ziingie mpaka ndani. Nilikifungua huku nimenuna, nikatoka nje kutafuna tambuu.

Asubuhi ya tarehe kumi na nane niliiwasha. Ofisi yetu ilikuwa ya kupima mto. Kutoka vilimani hadi tambarare kulikuwa na vituo vinane, kila kimoja na mlinzi wake aliyesoma kina cha maji kila saa na kukiandika kwenye kimashine. Namba zilipita kwenye waya wa simu hadi kwenye kadi moja ndani ya kompyuta yetu. Kadi hiyo ilikuwa na milango minane, na pembeni yake swichi nane ndogo kama punje za mchele, kila moja ya kufungua au kufunga mlango wake. Kompyuta ikishapokea namba humrudishia mlinzi neno moja: Imepokelewa. Amri ilikuwa kwamba mlinzi haondoki kwenye kipimo, liwe jua iwe gharika, kabla neno hilo halijamfikia.

Kadi ile niliipachika mimi. Niliipigania wiki mbili nzima, maana ilikuwa inaiita kompyuta kwa namba ileile inayotumiwa na printa, na viwili vikiita kwa namba moja hakuna anayesikilizwa. Nilipoiweza nilitamba ofisi nzima kama bwana harusi.

Saa tano kasoro dakika nane, printa ikaanza kulia. Nilitazama saa ya ukutani nikashangaa, kwa sababu vituo vyote hutuma saa inapotimia. Karatasi ilikuwa imeandika: Kituo cha saba. Mita 91.62. Nasubiri jibu.

Kituo cha saba hakikuwepo. Kilichukuliwa na maji mwezi Julai, nyumba na nguzo zake, pamoja na mlinzi wake Dimbeswar Pegu. Na katika walinzi wote wanane, ni Dimbeswar peke yake aliyetuma kabla ya saa kutimia. Saa yake ya mkononi, zawadi ya baba mkwe, ilitangulia kwa dakika nane, na aliapa kwamba hataigusa mpaka afe.

Junmoni Saikia, mkubwa wetu ambaye wote tulimwita Baideo, yaani dada mkubwa, alikuja akasoma ile karatasi.

"Nani anafanya utani huu?"

"Labda kituo cha tatu kimeingia kwenye mlango wa saba, Baideo. Nyaya hugusana."

"Basi ziachanishe. Watu tisa walikufa Julai. Sitaki kuliona jina la kile kituo hapa."

Nilizunguka nyuma ya kompyuta. Mlango wa saba haukuwa na waya. Tundu lake lilikuwa limezibwa kwa utepe mweusi tangu Julai, na juu ya utepe vumbi lilikuwa limetulia bila alama hata moja. Nilikipigia simu kituo cha tatu. Maji yao yalikuwa mita 88, wala hawakuwa na habari yoyote.

Saa sita kasoro dakika nane: Mita 92.05. Nasubiri jibu.

"Injinia," alisema Khagen-da kutoka mlangoni, birika la chai mkononi, "hiyo mashine yako inaongea na nani?"

"Na wewe, maana jana ndiye uliyeitongoza."

"Mimi nimeibariki tu. Yote kabisa, mpaka kale kakadi kenye meno. Wewe ungejua kusema asante ungekuwa umeoa."

Kakadi kenye meno. Nilizima umeme, nikafungua kifuniko. Pale, juu ya safu ya zile swichi nane, palikuwa na alama nyekundu ya kidole gumba, kavu na safi. Kidole cha mzee kilikuwa kimeisukuma swichi ya saba ikapanda juu. Saba zilizobaki zilikuwa juu tangu zamani. Ile moja tu ndiyo iliyokuwa chini, na sasa ilikuwa wazi.

Nitasema kwa nini ilikuwa chini. Ofisini wote walidhani mlango wa saba ulifungwa kwa amri ya serikali baada ya kituo kuchukuliwa. Siyo. Niliufunga mimi, saa nne asubuhi ya siku ile ya gharika, wakati kituo kilikuwa kimesimama na Dimbeswar yumo ndani. Waya wake ulikuwa umelowa. Takataka zilimiminika kutoka kwake, herufi zisizo na kichwa wala miguu, zikaishughulisha kompyuta hata vituo vingine saba vikashindwa kusikika. Nikaishusha swichi yake kwa ncha ya bisibisi. Nilijiambia nitaipandisha baada ya chakula, mvua ikipungua.

Tume ilipokuja ilikuta hakuna namba yoyote kutoka kituo cha saba baada ya saa nne. Ikaandika kwamba mlinzi alilala kazini, pengine amelewa, na ndiyo maana vijiji vya chini havikuonywa. Sikufungua mdomo. Mjane wake, Minoti, alikuwa akiishi na binti yao juu ya tuta la mto, kwenye kibanda cha turubai katikati ya watu waliopoteza nyumba na ndugu. Hakuna aliyechota naye maji. Watoto walimwita binti yake mtoto wa mlevi. Haya yote niliyajua, na kila mwezi nilipita kule na baiskeli nikitazama upande mwingine.

Nilifunga kifuniko bila kuigusa ile swichi. Nikawasha umeme.

Saa saba kasoro dakika nane: Mita 92.70. Nasubiri jibu.

Ofisi ilikuwa imejaa jua. Nje mtu alikuwa akiosha baiskeli na redio inaimba. Hofu ile sikuizoea, maana haikuwa na giza la kujificha. Khagen-da aliweka birika chini, akavuta gamosa, kile kitambaa chake cha begani, akafuta uso.

"Huyu ni Dimbeswar," akasema taratibu. "Dakika nane hizo ni zake."

"Nyamaza, Khagen-da," alisema Baideo, lakini na yeye alikuwa ameketi. "Prafulla, umepata tatizo?"

"Nimelipata. Swichi ilipandishwa jana kwa bahati mbaya."

"Basi izime. Unangoja nini?"

Nilijizungusha kwa visingizio karibu saa nzima, kisha nikafungua tena kifuniko, safari hii umeme ukiwaka, jambo ambalo fundi yeyote angenichapa kwa ajili yake. Nikaweka ncha ya bisibisi juu ya swichi ya saba. Ilikuwa bisibisi ileile. Ningeisukuma tu, karatasi zingechomwa, na mambo yangebaki yalivyo mpaka nistaafu.

Printa ikalia. Saa nane kasoro dakika nane. Mita 93.40. Kipimo kinakaribia kuisha. Nasubiri jibu.

"Izime, Prafulla!"

"Siwezi, Baideo. Nilishaizima mara moja."

Nikamweleza. Nilieleza nikiwa nimesimama, bisibisi mkononi, na sikumtazama. Nilipomaliza, Baideo aliipitia upya ile karatasi ya printa.

"Kwa hiyo hizi ni namba za Julai," akasema mwishowe. "Zile tulizosema hazikuja."

"Ndiyo."

"Aliendelea kutuma."

"Alikuwa anasubiri jibu. Asingeweza kuondoka bila jibu."

Baideo aliziba mdomo kwa pindo la nguo yake. "Unajua watakufukuza."

"Najua."

Tulikaa watatu tukiitazama printa kama watu wanaosubiri nje ya chumba cha mgonjwa. Khagen-da alimimina chai, hakuna aliyeinywa. Saa tisa kasoro dakika nane ilipofika, ikaandika polepole kuliko mara zote: Maji yamefika sakafuni. Kipimo sikioni tena. Nasubiri jibu.

Kompyuta haikumjibu. Kituo cha saba kilikuwa kimefutwa kwenye orodha yake, na asiyekuwa kwenye orodha harudishiwi neno. Nikavuta kiti, nikaandika kwa mkono wangu: Imepokelewa. Zote tano zimepokelewa. Ondoka, Dimbeswar.

Nikabonyeza. Tulingoja. Kisha printa ikapiga neno moja, Sawa, ikasukuma karatasi mbele na kunyamaza. Khagen-da alikuwa analia waziwazi. Niliipandisha na kuishusha ile swichi mara kadhaa baadaye, nikangoja saa tatu nzima, na hakuna kitu kilichokuja tena.

Baideo aliandika barua kwenda makao makuu, nami nikaitia saini. Halafu nikakata ile karatasi ya printa, nikaikunja, nikapanda baiskeli hadi kwenye tuta.

Minoti alikuwa anapepeta mchele. Hakuniambia niketi. Nilimweleza yote, nilivyomweleza Baideo, nikampa karatasi. Hakujua kusoma vizuri, lakini alizijua namba. Alipitisha kidole juu ya kila saa, kasoro nane, kasoro nane, kasoro nane.

"Saa ya baba," akasema. Kisha: "Alisubiri mpaka lini?"

"Mpaka saa tisa, dada. Kasoro dakika nane."

"Na wewe saa hizo ulikuwa wapi?"

Ningeweza kutaja vituo saba, simu, mvua.

"Nilikula wali," nikasema. "Nikalala. Niliamshwa na simu saa tisa na robo."

Binti yake alikuwa ametoka kibandani na kusimama nyuma yake. Nilitamani Minoti anipige, nami ningemshukuru.

"Kumbe aliyelala ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

Akanirudishia karatasi. Akajifunga gamosa kiunoni, akamshika binti yake mkono.

"Tuanze kile kibanda cha mwanzo," akasema. "Wewe utasoma. Kwa sauti. Na ukimaliza namba uwaambie hayo ya wali."

Vibanda vilikuwa arobaini na vitatu. Tulianza kile cha mwanzo.