Maji ya Buluu Juani

Kazi ya kutia mashuka rangi naifanya uani kwetu Mchafukoge tangu mume wangu yuko hai. Maji yanayobaki namwaga mtaroni, na mtaro unapita mbele ya mlango wa mwenye nyumba, Bi Zulekha, anapouzia chai. Wiki ile akasema basi.

"Bibi Ritha, wateja wangu wanakunywa chai huku wanatazama mto wa buluu! Nakupa mpaka Ijumaa. Ukishindwa, kazi yako kaifanyie kwingine."

Kwingine wapi, na magoti haya?

Mjukuu wangu Ritha, ambaye mtaa unaniita kwa jina lake, anasoma kemia chuoni. Akaniletea unga mweupe kichupani. Alichemsha majani ya mlonge, maji yake akayachanganya na chumvi ya zinki, akakausha, akachoma kwenye tanuri la chuo.

"Ni zinki kama ile ya kupaka watoto wenye upele, bibi, ila chembe zake ni ndogo mno. Unywele wako ni gogo mbele yake. Zinavunjavunja rangi ndani ya maji."

"Halafu unga unaisha?"

"Hauishi. Ni kama mwiko: unasonga ugali, wenyewe hauliwi."

Hapo nikamwelewa.

Ijumaa asubuhi tukapandisha beseni la maji ya rangi juu ya paa. Ritha akatia unga, akaniambia nikoroge kila mara, akakimbilia darasani. Nikakoroga, kukoroga hakunichoshi. Lakini jua lilipopanda, nikavua khanga yangu ya juu nikafunika beseni. Miaka yote hiyo naficha rangi isipigwe jua, mkono hauulizi.

Saa nane Ritha akarudi, Bi Zulekha nyuma yake anahema kwa ngazi. Nikafunua. Buluu ile ile.

"Dawa yenu ya chuo imelala usingizi," Bi Zulekha akacheka.

Machozi yakamlenga Ritha. "Maabarani ilikubali! Bibi, ulikoroga?"

"Nilikoroga, mwanangu. Nikafunika, jua lisije likaharibu."

"Ulifunika?" Akakaa chini pu, akacheka mpaka akashika mbavu. "Bibi wewe! Jua ndilo linaloamsha huo unga. Gizani haufanyi kitu."

Aibu ilinishika, lakini kuhusu jua na rangi nami najua langu. Shuka lililozama ndani ya beseni halipauki; linapauka lililotandazwa.

"Basi beseni lina kina kirefu," nikasema. "Leteni masinia."

Tukamimina kwenye masinia matano, kina cha ukucha. Bi Zulekha akapindua ndoo, akaikalia. "Siondoki. Msije mkanibadilishia maji mkasema ni elimu."

Saa kumi buluu ikawa nyepesi. Saa kumi na moja unga ukatuama, nikayaona maua yaliyochorwa ndani ya sinia.

Bi Zulekha akachovya pembe ya mtandio wake mweupe, akaikamua, akaigeuza huku na huku. Nyeupe.

"Yananyweka?"

"Hapana, mama," Ritha akamjibu. "Rangi imeondoka. Mengine sijapima."

"Nimeuliza tu." Akainuka, akajikung'uta gauni. "Haya, endelea na kazi yako, Bibi Ritha. Ila nikiona buluu mlangoni kwangu, masinia haya nayachukua."

Akashuka ngazi mbili, akasimama.

"Na zambarau mnaiweza?"

Ritha akanitazama. "Hatujajaribu."

"Jaribuni. Nina mashuka mawili yamechakaa, nayataka ya zambarau."