Kitanda Kilichokunywa Mbolea

Bibi aliyefungua na kufunga malango ya mto alikuwa akibadilisha maji ya makopo chini ya miguu ya kitanda, alipoona mguu mmoja umeota jani. Makopo hayo aliyajaza kila asubuhi ili sisimizi wasimpandie mjukuu wake. Alilitazama jani, akalipangusa vumbi, akaenda kazini.

Kazi yake ilikuwa gurudumu la chuma. Katika nchi ile kavu mto haukwenda kwa hiari yake. Ulikwenda ofisi ya mto ikipiga simu. Wakisema zungusha, alizungusha, na maji yaliyochujika mashambani yakaingia mtoni na mbolea yote ambayo mazao yameshindwa kuimaliza. Zamani matete ya ukingoni yaliinywa. Ofisi iliyang'oa kwa sababu yalichelewesha maji.

Nyumbani mjukuu alikuwa na midomo ya buluu. Daktari alisema ni maji ya mto ya kukorogea maziwa yake ya unga. Bibi hakuelewa, maana aliyachemsha kwa bidii mpaka yakabaki nusu sufuria.

"Mama, mbolea haifi kwa moto," binti yake alimwambia. "Maji yanapungua, yenyewe inabaki pale pale."

"Kumbe siku zote namchemshia mbolea!"

Alikaa chini akalia, kisha akainuka kufua nepi, kwa kuwa nepi hazingoji mtu amalize kulia.

Haukupita muda miguu yote minne ikatoa mizizi. Makopo yalipasuka, wakaweka makarai. Siku moja ofisi ilifunga mto na nyumba nzima ikakosa tone la maji, isipokuwa yale ya chini ya kitanda. Binti aliyachota, akayachemsha, akakoroga maziwa. Kufikia jioni midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya midomo ya watu. Tangu hapo hawakumpa maji mengine.

Ila kitanda kilikuwa na masharti. Kisipolaliwa hakikunywa. Tena kilikuwa kinachagua: akilala bibi, majani yalinywea, akilala binti, hali ile ile. Akilazwa mtoto, mizizi ilisikika ikivuta maji taratibu, kama ng'ombe aliyetoka mbali. Basi mtoto akawa wa kulazwa humo kutwa kucha.

"Lala, mume wangu, ndiyo kazi yako hiyo," bibi alimtania. "Wenzako wanatafuta riziki kwa jasho, wewe kwa usingizi."

Kitanda kikazidi kurefuka. Waliondoa bati moja juu ya paa, kisha la pili. Majirani waliokuja kuchungulia walirudi kwao kutafuta makarai, na baada ya muda vitanda vyenye watoto vikaanza kutokeza juu ya mapaa ya mtaa.

Mhandisi wa ofisi ya mto alikuja na vikaratasi vya kupimia mbolea majini. Alikuwa kijana mwenye adabu, akavua viatu mlangoni. Alichovya kikaratasi kimoja kwenye karai na hakikubadilika rangi.

"Hongera, mama. Tulikuwa tunafikiria kuyarudisha matete, lakini naona hakuna haja tena."

"Na wasio na mtoto wa kulaza?"

"Watazaa, mama," alisema mhandisi, akavaa viatu vyake.

Kesho yake simu ililia. Mashamba yameongezwa, sasa afungue lango mara mbili ya kawaida. Bibi alishika gurudumu akasimama nalo. Alitamani kuliacha. Lakini angeliacha, mtu mwingine angelizungusha kabla yeye hajafika nyumbani, na mshahara wake ndio ulionunua maziwa. Akazungusha huku akijichukia.

Aliporudi, kitanda kilikuwa kimezidi kulipita paa. Mtoto alikuwa macho huko juu, midomo yake safi, akiyachezea majani. Alipomwona bibi yake akacheka, akamnyooshea mikono abebwe. Bibi naye akanyoosha yake. Akasimama kwa ncha za vidole, akapanda kiti, akanyoosha tena. Hakumfikia.

"Nenda kaazime ngazi kwa jirani," alimwambia binti yake.

"Nimetoka huko, Mama. Yuko juu ya ngazi, anambadilisha mtoto wake nepi."

Bibi akashuka kitini. Juu, mtoto alikuwa bado amenyoosha mikono. Akamwimbia kutoka chini mpaka akasinzia, na mizizi ikaanza kunywa.