Mkia wa Pikipiki ya Kefa

Jenista aliikokota ile pikipiki kama mtu anayemkokota mwizi kituoni. Mwanawe Lusungu alikuwa amelala mgongoni, jasho lilikuwa linamtiririka mama mtu mpaka kwenye kope, na malori yaliyopanga foleni mpakani Tunduma kuvukia Nakonde yalimpigia honi kila alipoyumba. Hakupisha hata moja. Hasira yake ilikuwa imelala naye na kuamka naye tangu Kefa, mume wake, alipoanguka kwenye kona ya kushukia Msangano akiwa amepakia abiria.

Abiria mwenyewe, Elina, muuza mchele wa Kamsamba, alivunjika mkono. Kefa aliteguka bega. Kabla vumbi halijatua, kijiwe kizima cha bodaboda kilikuwa kimeshatoa hukumu: Kefa alikuwa amelewa. Gasper, mwenyekiti wa kijiwe, akaitisha kikao cha jioni hii ili waamue kama Kefa atarudi barabarani au kizibao chake apewe mwingine.

Na Kefa hanywi. Pombe unaweza kumficha mchungaji, unaweza kumficha mwenyekiti, lakini mke mnayelalia mto mmoja utamfichaje? Kama si pombe, basi ni pikipiki. Na kama ni pikipiki, kuna fundi aliyeishika majuzi akasema imepona.

"Fundi Uledi! Toka huko uvunguni!"

Uledi alijivuta kutoka chini ya guta alilokuwa akilitengeneza, akajifuta mikono kwa kitambaa cheusi tii. Alikuwa mtu wa Ujiji, mzee wa maneno.

"Mama Lusungu, salamu kwanza."

"Salamu kaa nazo. Mume wangu anaitwa mlevi kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu? Kwani mimi ndiye niliyemmiminia?"

Wanawake wa chapati jirani walicheka. Jenista aliwageukia. "Chekeni vizuri, chapati zinaungua." Kisha akamrudia fundi. "Kefa aliniambia wiki nzima, hii pikipiki inachezesha mkia. Ukaifungua, ukaifunga, ukasema haina neno."

"Kwa sababu haina neno! Nilikaza spoku. Nikabadilisha beringi za tairi. Tazama."

Aliisimamisha kwenye stendi ya kati, tairi la nyuma likaning'inia, akalishika kwa mikono miwili na kulitikisa kushoto kulia. Kimya. Akalitikisa tena, kwa madaha, ili wa chapati nao waone. "Umesikia kitu? Chuma kimetulia. Sasa tafuta kisichotulia ni nani."

Jenista alihisi uso ukiwaka. Lakini katikati ya hasira ile alikumbuka maneno ya Kefa: akiwa peke yake pikipiki inakwenda kama maji, akipakia ndiyo inaanza vituko.

"Uliijaribu na mzigo?"

"Mzigo gani?"

"Mimi nakuuliza wewe. Bodaboda inabeba upepo? Uliijaribu na mzigo, au ulizunguka nayo hapo mtaani ukarudi?"

Kwa ukaidi tu, Uledi alikwenda duka la pili akaazima viroba viwili vya unga, akavifunga nyuma, akaondoka na pikipiki kwa vumbi. Jenista akasimama katikati ya njia akimwangalia kwa nyuma. Pale barabara inapopinda kwenye mtaro aliona: tairi la mbele lilifuata kona, la nyuma likachelewa, likatupa nyonga huku, likatupa kule, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Uledi alishusha miguu yote miwili chini. Aliporudi alikuwa anasukuma, na utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Mwe!" alisema, neno la kuazima kwa Wanyiha. "Hii inaua mtu."

"Imeshavunja mtu."

Uledi aliirudisha kwenye stendi. Safari hii hakushika tairi. Alishika ule mkono wenyewe wa chuma unaobeba tairi la nyuma, karibu na mwisho wake, akaegemeza mwili wote na kusukuma. "Weka kidole hapa," alimwambia Jenista, akimwonyesha mahali mkono ulipoungana na chesisi. "Likitikisika tairi peke yake, ni beringi. Ukitikisika mkono na tairi pamoja, ugonjwa uko hapa kwenye maungio." Alisukuma. Jenista aliusikia kwenye ncha ya kidole: chuma kilisogea, kikarudi, taratibu, laini mno, bila mlio.

"Mbona hakigongi?"

"Ndicho ninachojiuliza. Bushi, ile pete ya chuma ya humo ndani, ikiisha inagonga ko-ko-ko. Hii imezibwa mdomo."

Alitoa cheni, tairi na shokapu. Ile bolti ndefu inayoshikilia mkono ilikuwa imekazwa kwa nguvu mno. Aliimwagia oili, akaigonga kupitia kipande cha mti ili asiharibu kichwa chake. Ilipochomoka, mkono ukadondoka mapajani mwake. Upande wa kushoto kulikuwa na bushi iliyolika ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Upande wa kulia hapakuwa na bushi kabisa. Palikuwa na mpira, umekatwa kwa wembe na kuviringishwa, ukabanwa humo kwa nguvu.

"Nani kaufanya ushenzi huu?" Sasa ilikuwa zamu ya Uledi kupandisha sauti. "Pikipiki tupu inatulia, unafikiri imepona. Ukipakia, mpira unaminywa, mkono unahama! Mimi sikuugusa upande huu, wallahi!"

Jenista alikuwa ameshauchukua ule mpira na kuukunjua. Bluu, na nusu ya ua jeupe. Kandambili yake. Ile iliyopotea, ambayo kwa ajili yake alikuwa amemtukana mbwa wa jirani na ukoo wake wote.

Alikaa juu ya tairi bovu. Lusungu akaamka, akalia, na Jenista akamnyonyesha palepale huku machozi ya hasira yakimdondokea mtoto shavuni. Akayafuta kwa kidole kilekile chenye grisi, akamwachia alama nyeusi.

"Fundi," alisema baadaye, "nisamehe maneno yangu."

"Nami nilipaswa kuijaribu na mzigo." Uledi aliinama kuokota spana isiyokuwa na haja ya kuokotwa. "Nitachongesha bushi za shaba. Mkono ukiuinua na kuuachia, ushuke wenyewe polepole, wala usicheze pembeni. Hapo ndipo nitasema imepona."

Nyumbani, Kefa alikuwa ameketi mlangoni, mkono umefungwa kwa kanga. Jenista alimtupia mpira mapajani.

Kefa aliugeuza upande wenye ua. "Nilitaka isogeze siku mbili tatu tu, nipate hela ya bushi."

"Na pombe? Wanakuita mlevi, umenyamaza!"

"Mlevi anasimamishwa, mama Lusungu. Anaomba msamaha, anarudi. Lakini aliyepakia mtu kwenye chombo kibovu na huku anajua, anafutwa kabisa. Nikaona bora pombe."

"Bora pombe! Mimi nimezunguka Tunduma nzima nikiapa kwa jina la Mungu, nimemdhalilisha mwanaume wa watu mbele ya wauza chapati, kumbe wewe umekaa hapa unachagua dhambi iliyo nafuu!" Alimwinamia. "Na kama tungekaa mimi na Lusungu nyuma siku ile?"

Kefa aliukunja ule mpira kiganjani.

"Inuka."

Kikaoni, Gasper alikuwa ameshaanza kuzungumza juu ya ulevi. Kefa alimkatiza. Aliuinua ule mpira juu kwa mkono wake mzima na kusema yote, bila kuacha kitu. Gasper alinyoosha mkono apewe kizibao, na Kefa akakivua, kwa tabu kwa ajili ya bega. Hakuna aliyemsaidia ila mke wake.

"Kamati itakaa," alisema Gasper, macho chini. "Siahidi kitu."

Hakuna aliyewaaga. Mmoja aliiweka pikipiki yake kwenye stendi, akaanza kuusukuma mkono wa nyuma. Mwingine akafuata. Wa tatu aliwasha yake akaondoka upesi bila abiria.

Kefa aligeukia njia ya nyumbani.

"Unakwenda wapi?" Jenista alimweka mtoto vizuri mgongoni. Sauti ilikuwa bado kali, lakini mkono ulikuwa umeshamshika kiunoni asije akatikisa bega. "Elina yuko mtaa wa pili, na hajasikia neno kutoka kwako. Tangulia."

Kefa akatangulia.