Kitufe cha Kumwita Mama

Tangu kiharusi kimnyang'anye baba sauti, anasemewa na kisanduku nilichomtengenezea. Kina vitufe vikubwa: maji, choo, maumivu, na kimoja cha kusema "Mama, njoo." Hicho hakigusi. Akimtaka mama, anagonga kitanda mpaka majirani wanachungulia.

Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki, na hasira zangu ni za karibu. Nilikagua kitufe kile mara kadhaa, kizima kabisa.

"Baba, utanitia wazimu! Si ubonyeze tu?"

Akageukia ukutani.

Mama alikuwa anakunja mashuka. "Mwache baba yako. Hajawahi kuniita mama. Kwani mimi nimemzaa?"

"Anakuitaje, basi?"

Alificha uso kwenye shuka. "Mapozi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaona macho yake, kicheko kikanikauka. Tangu baba augue, hakuna aliyemwita hivyo tena.

Ili nibadilishe neno la kitufe, nikaleta kompyuta na ubao mdogo wa saketi unaochomekwa kwenye kompyuta hiyo, ambao hupeleka umeme na programu mpya kwenye chipu ya kifaa kingine. Shida ikawa baba. Alikikumbatia kisanduku, hakiachi ng'o. Ndio mdomo aliobaki nao. Ungekuwa wewe ungeutoa?

"Basi kaa nacho," nilimwambia, nikavuta nyaya kutoka kwenye ubao hadi mapajani pake.

Ilibidi nitoe betri kwanza, maana umeme ukiingia kutoka pande mbili chipu huungua. Taa ya kisanduku ilipozimika, baba alinishika mkono kwa woga. Roho iliniuma. "Nipo, baba. Sasa hivi." Nikachomeka waya wa mwisho. Ubao ukakipa umeme, taa ikawaka, naye akashusha pumzi.

Neno nililirekodi mwenyewe, na aibu nilizipata. Nani humwita mama yake Mapozi? Kila nilipomsikilizisha baba alikataa kwa kichwa, mpaka nilipolivuta katikati ndipo akakubali.

Nikarudisha betri. Mama alikuwa jikoni anasugua masufuria. Baba akabonyeza.

"Mapooozi!"

Kitu kikaanguka jikoni. Nikajua nimeharibu.

"Abee!" mama aliitika, kwa sauti ya kisichana ambayo sikuwahi kuisikia. "Subiri nijitengeneze kwanza."

Baba akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, akasubiri.